Kashata si za kila barabara: Somo la tairi kutoka Guangzhou

Ukisimama kwenye njia panda ya Xiaobei, katikati ya jiji la Guangzhou, kusini mwa China, utasikia Kiswahili kabla hujasikia mlio wa pikipiki. Wafanyabiashara wa Kariakoo, Nairobi, Kampala na Lubumbashi hupishana kwenye ngazi za jengo la Tianxiu, simu sikioni na kikokotoo mkononi. Barabarani wanapita vijana wa kupeleka chakula, jaketi zao za njano zikiwa zimelowa mvua, juu ya skuta za umeme zinazoteleza kimyakimya. Pikipiki za petroli zilipigwa marufuku katika mitaa ya mjini tangu Januari 1, 2007.

Hata hivyo, pikipiki nyingi zinazopita mbele ya nyumba zetu zina undugu na mji huu. Guangzhou ni makao makuu ya jimbo la Guangdong, moja ya ngome za pikipiki za China. Kampuni ya Wuyang-Honda ilianzishwa hapa mwaka 1992, na Haojue wako Jiangmen, mji jirani. Maonyesho ya biashara ya Canton, yanayofanyika tangu mwaka 1957, hujaza kumbi za Pazhou mara mbili kwa mwaka, na watu wetu hawakosi. Humo zinauzwa injini, minyororo, taa, na kile ninachotaka tukizungumzie leo kwa utulivu: tairi.

Tairi ndicho kitu pekee cha pikipiki kinachogusa ardhi. Sehemu inayogusa lami wakati wowote ni ndogo kama kiganja cha mkono, moja mbele na moja nyuma. Breki zako zote, kona zako zote na maisha ya uliyempakia nyuma yanapita hapo. Lakini mara nyingi uamuzi wa tairi gani litafika madukani Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, unafanywa mezani, mbali na barabara zetu, na mtu anayeangalia bei na ukubwa wa kashata, yaani vile vipande vya mpira vilivyochomoza. Nasi tukifika dukani tunachagua kwa macho yaleyale: lenye kashata kubwa ndilo imara. Hapo ndipo tunapokosea.

Pikipiki ya lami na vumbi

Nazungumzia hasa zile pikipiki ndefu, zenye springi laini na tairi kubwa la mbele la inchi 21, zilizoundwa kwenda lami na vumbi. Yamaha walifungua ukurasa huo mwaka 1968 kwa DT-1, na Honda wakafuata na ukoo wa XL miaka ya sabini. Kwetu ndizo pikipiki za mabwana shamba, za wauguzi wa chanjo, za mapadri na wainjilisti, za askari wanyamapori na za miradi. Mtoto wa kijijini wa miaka ya themanini aliposikia mlio wa XL alijua mgeni wa serikali amefika.

Leo nafasi hiyo imechukuliwa kwa kiasi kikubwa na pikipiki za Kichina za umbo lilelile. Ukiona herufi GY kwenye jina la modeli, kama vile ZS200GY ya Zongshen au LF200GY ya Lifan, ujue umekutana na pikipiki ya aina hiyo. Mara nyingi huvaa tairi la 2.75-21 mbele na 4.10-18 au 4.60-18 nyuma. Nazo husafirishwa kutoka kiwandani zikiwa na kashata zilizochomoza, kwa sababu mnunuzi anatarajia kuziona.

Barabara imebadilika, tairi limebaki

Miaka ya nyuma kashata zilikuwa na haki yake. Aliyetoka Babati kwenda Kondoa wakati wa mvua alijua atasukuma pikipiki zaidi ya atakavyoipanda. Lakini mwaka 2018 barabara ya lami kutoka Dodoma hadi Babati, yenye kilomita 251, ilizinduliwa rasmi. Kaskazini mwa Kenya, safari ya Isiolo hadi Moyale, iliyokuwa ikipimwa kwa siku na kwa mashimo, sasa ni lami. Bwana shamba aliyekuwa akila vumbi kutwa sasa anakwenda kilomita 40 za lami, kisha anachepuka kilomita tatu za udongo hadi kwa wakulima wake. Ukipiga hesabu ya wiki nzima, sehemu kubwa ya mwendo wake ni lami.

Ukimtazama chini, bado amevaa tairi la mwaka 1985.

Kwa nini lami haipatani na kashata

Tazama kashata inavyofanya kazi. Kwenye tope, kila kashata inazama kama ukwato wa ng'ombe, inashika udongo, na nafasi pana kati ya kashata na kashata inaruhusu tope kudondoka gurudumu linapozunguka. Tairi laini hapo linajaa tope, linakuwa mche wa sabuni, na safari inaishia hapo.

Ukilipeleka tairi hilohilo kwenye lami, kila sifa inageuka kuwa kasoro. Zile nafasi pana ni mpira ambao haupo, kwa hiyo mpira unaogusa lami ni mchache. Kashata ndefu inapinda unapokamata breki au unapolala kwenye kona, na pikipiki inahisi kama inayumba juu ya vidole. Mvua ikinyesha, ncha za kashata chache hazina mpira wa kutosha kushikilia lami iliyolowa. Na lami huzisaga kashata vibaya: upande mmoja unaisha kabla ya mwingine, tairi linaanza kupiga ngoma, mikono inakufa ganzi, na fedha uliyolipa inapukutika kabla ya wakati.

Hatari kubwa iko kwenye mvua ya kwanza. Baada ya kiangazi kirefu lami inakuwa imenyonya vumbi, mafuta ya magari na unga wa matairi. Manyunyu ya dakika chache za mwanzo yanachanganya hivyo vyote kuwa utelezi. Dereva mwenye kashata, mwendo wa 70 kwa saa, lori mbele limewasha taa nyekundu: hapo ndipo tofauti ya tairi na tairi inapoonekana.

Wapo watakaouliza: je, kilomita tatu za tope nyumbani kwangu nizifanyeje? Ni swali la haki, na jibu langu ni hili. Ukiteleza kwenye tope ukiwa mwendo wa 15, utachafuka, utainuka, utacheka na jirani. Ukiteleza kwenye lami ukiwa mwendo wa 70 katikati ya malori, huenda usiinuke. Chagua tairi kwa ajili ya mahali ambapo kuanguka kunaua, na mahali pa kuchafuka upite polepole.

Lakini nisieleweke vibaya. Kwa anayebeba mizigo kwenye milima ya Kivu isiyo na lami, au anayeishi kwenye mbuga za udongo mweusi unaonata msimu mzima, kashata ni haki yake na asidanganywe azivue. Tairi halina ubaya wala uzuri wake peke yake. Uzuri wake ni barabara yake.

Namba mbili za kujua

Watengenezaji na wauzaji hulieleza tairi la pikipiki za lami na vumbi kwa namba mbili: 90/10, 80/20, 50/50. Ya kwanza ni asilimia ya lami, ya pili ni ya vumbi. Tairi la 80/20 limekusudiwa mtu ambaye kilomita nane kati ya kila kumi anazimaliza kwenye lami. Hakuna mamlaka inayopima namba hizi, ni kauli ya mtengenezaji mwenyewe, lakini zinatoa mwanga. Shinko 705 na Michelin Anakee Adventure ziko kwenye kundi la 80/20. Continental TKC 80, yenye kashata za mraba zilizoachana, iko karibu zaidi na vumbi.

Usipoona namba, tumia macho na kidole gumba. Tairi la 50/50 lina kashata zilizosimama mbalimbali kiasi kwamba kidole gumba kinaingia kati yake bila shida. Tairi la 80/20 lina vipande vipana, vifupi, vilivyokaa karibu karibu, na mifereji myembamba ya kutoa maji. Katikati, pale linapogusa barabara ukienda moja kwa moja, mpira uwe mwingi, na ikiwezekana uwe mkanda unaokaribia kushikana. Pembeni vipande vinaweza kuachana kidogo ili vishike changarawe.

Kwa moramu kavu yenye kokoto juu, ambayo ndiyo vumbi la wengi wetu, tairi la namna hiyo linatosha. Kashata ndefu nazo huteleza pale, kwa sababu chini ni pagumu kama saruji na hakuna pa kuzama. Kinachookoa kwenye kokoto ni mwendo wa wastani na mkono mwepesi wa breki ya mbele.

Soma ubavu wa tairi

Ukweli wote wa tairi umeandikwa ubavuni mwake. Chukua mfano wa 4.10-18 59P. Namba 4.10 ni upana kwa inchi, 18 ni kipenyo cha rimu. Namba 59 si kilo. Ni alama ya mzigo, na maana yake ni kwamba tairi hilo linaruhusiwa kubeba kilo 243. Herufi P ni kikomo cha mwendo, kilomita 150 kwa saa.

Sasa tupige hesabu ya mshikaki, yaani kupakia abiria wawili kwa pamoja. Tairi la nyuma la bodaboda nyingi, 3.00-17, huandikwa 50P. Alama 50 ni kilo 190. Tuseme pikipiki ina kilo 120, dereva na abiria wawili wa kilo 65 kila mmoja. Jumla ni kilo 315. Kama theluthi mbili ya uzito huo inakaa nyuma, tairi la nyuma limebeba kilo 210, yaani kilo 20 juu ya uwezo wake, kabla hujaweka hata kikapu cha sokoni. Tairi lililozidiwa linapata joto, nyuzi zake za ndani zinachoka, na siku linapopasuka tunasema ni bahati mbaya. Ubavuni liliandikwa tangu siku ya kwanza.

Kisha tafuta tarehe. Kwenye duara dogo, mara nyingi karibu na herufi DOT, kuna tarakimu nne. Ukiona 3523, tairi lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2023. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo: mafuta yaliyomo yanapungua, unakuwa mgumu, unaanza kupasuka vijistari vidogo ubavuni. Tairi lenye miaka mitano rafuni linaweza kung'aa kwa kupakwa dawa na bado likawa gumu kama kwato. Kwenye lami yenye mvua, mpira mgumu haushiki. Meli ya mizigo huchukua takriban mwezi kutoka kusini mwa China hadi Dar es Salaam au Mombasa, kwa hiyo tairi lililoandikwa miaka mitatu iliyopita halikuchelewa baharini. Lilikaa mahali.

Mwisho, tazama mshale. Matairi mengi yana mwelekeo wa kuzunguka. Fundi akiligeuza, mifereji haitoi maji ilivyokusudiwa na viungo vya mpira vinavutwa upande usio wake. Simama pale, onyesha kidole, hakikisha.

Mbele, nyuma, tyubu na upepo

Tairi la nyuma huisha haraka kwa sababu linasukuma na linabeba. Hivyo wengi wetu hununua la nyuma jipya na kuliacha la mbele mpaka liwe kipara. Ni kinyume cha usalama. Unapokamata breki uzito mwingi unahamia mbele, na tairi la mbele ndilo linalokusimamisha na kukuongoza. La nyuma likiteleza, mara nyingi unaweza kulirudisha. La mbele likiteleza, umeshaanguka kabla hujajua. Mwenye fedha ya tairi moja zuri tu aanze na la mbele, mradi la nyuma halijafika kwenye alama ya TWI inayoonyesha mwisho wa matumizi.

Magurudumu ya spoku kwa kawaida hutumia tyubu, na tyubu ina saizi yake. Tyubu ya inchi 18 haiendi kwenye rimu ya 17 kwa kukunjwa. Mkunjo huo ndio utakaotoboka. Tairi jipya livishwe tyubu mpya, maana ya zamani imeshatanuka na viraka vyake vinasubiri joto. Fundi akague pia mkanda wa rimu unaoifunika migongo ya spoku.

Upepo nao ni nusu ya tairi. Wapo wanaojaza mpaka tairi liwe jiwe, wakiamini linaokoa petroli na kuepuka pancha. Tairi lililojazwa kupita kiasi linagusa lami kwa mstari mwembamba wa katikati, linaruka kwenye kila tuta, na linaisha kama mgongo wa kisu. Lililopungua linapinda, linapata joto na kuvunja nyuzi. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, na mara nyingi kwenye kibandiko karibu na mnyororo. Pima asubuhi tairi likiwa baridi. Ukilazimika kupunguza upepo ili kuvuka tope, rudisha kabla hujagusa lami.

Na tairi likiwa jipya, lipe muda. Lina utelezi juu yake uliotoka kiwandani. Kilomita 150 za kwanza endesha kwa upole, bila kona kali wala breki za ghafla, mpaka ngozi yake iparuzwe na barabara.

Neno kwa mnunuzi wa Guangzhou

Turudi Xiaobei. Mfanyabiashara wetu akitoka nje ya hoteli yake, somo liko mbele ya macho. Aitazame skuta ya kijana wa jaketi ya njano. Kijana huyo anafanya kazi kwenye mvua nzito za kusini mwa China, kwenye lami tupu, mwendo wa haraka, siku nzima. Tairi lake halina kashata. Lina mpira mpana na mifereji ya maji. Watu wanaotengeneza kashata zetu wanajua vizuri tairi gani ni la lami, wanatuuzia tunachoomba.

Basi tuombe kingine. Unapokaa mezani na muuzaji, usianze na bei. Sema namba ya mzigo unayotaka iandikwe ubavuni, sema tarehe ya kutengenezwa isizidi miezi michache kabla ya kupakia, na omba muundo wa 80/20 kwa saizi za inchi 21, 18 na 17. Chukua sampuli, ilinganishe na mzigo wenyewe kontena linapopakiwa, maana sampuli nzuri haijawahi kumzuia muuzaji mbaya. Kataa matairi yaliyosukumizwa tairi ndani ya tairi ili kuokoa nafasi, kwa kuwa yakikaa yamebanwa mwezi mzima baharini yanaweza kufika yamepinda. Usipime ubora kwa uzito wa mkono tu: mpira wa hovyo nao ni mzito. Na cheti cha ukaguzi kinachotakiwa na mashirika ya viwango, TBS au KEBS, kabla ya kusafirisha usikione kama karatasi ya kero. Kinamlinda mtu ambaye hutamwona kamwe, anayeshuka mlima Sekenke jioni na mtoto wa shule nyuma yake.

Nawe unayenunua dukani, una nguvu kuliko unavyofikiri. Ukiuliza tarehe ya tairi leo, kesho mwenzako akauliza, keshokutwa mwenye duka atamuuliza aliyempelekea, na swali litafika Guangzhou kwa simu ya WeChat kabla ya wiki kwisha. Biashara husikiliza wateja wanaojua wanachotaka.

Hukumu yangu ni hii. Kama sehemu kubwa ya safari zako ni lami, vua kashata. Vaa tairi la 80/20 lenye mpira mwingi katikati, saizi ileile iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki yako, alama ya mzigo inayotosha watu unaowabeba, na tarehe isiyopita miaka miwili. Pima upepo kila wiki. Jumapili hii kabla hujatoka, inama kwenye pikipiki yako, soma ubavu wa tairi la mbele, kisha jiulize kama ungelikabidhi maisha ya mwanao. Kila ukiondoka nyumbani, umeshalikabidhi.